Tumeizunguka Uingereza kwa treni na miguu, mimi na mume wangu. Mwenye maswali karibu kwenye uzi

#1 Mleta uzi

Habari zenu wadau. Juzi kuna mtu aliuliza kama mke na mume wanaweza kutembea Uingereza bila kukodi gari wala kuingia kwenye mabasi ya watalii, nikaanza kumjibu nikaona maelezo yanakuwa marefu, bora nifungue uzi kabisa. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na mimi nasema ndo namna bora kuliko zote. Tulienda mwezi wa tano, tukaanzia London, tukapanda mpaka Mallaig magharibi ya Scotland ambako reli inaishia baharini, halafu tukashuka kwa njia nyingine ya milimani.

London sitaiongelea sana, mtandaoni imejaa. Nitasema kimoja tu, ukiwa Kensington Gardens tafuta mnara wa mawe mwekundu wa Speke, yule aliyefika kwenye ziwa letu, umeandikwa Victoria Nyanza na mwaka 1864. Kwa mtu wa Mwanza kama mimi kukuta Nyanza imechongwa kwenye jiwe katikati ya London ni kitu kinakugusa.

Ninachotaka kuwaambia hasa ni hiki. Ukiishia London hujaiona Uingereza. Iko kwenye vile vistesheni vidogo ambavyo treni inasimama dakika moja, mnashuka watu wawili watatu, treni inaondoka, na njia ya kutembea inaanzia hapo hapo stesheni. Na hiyo njia mara nyingi inakatisha kwenye shamba la mtu, katikati ya kondoo wake, na wewe una haki ya kupita kisheria. Hakuna wa kukufukuza, hakuna kiingilio, wala huhitaji guide. England na Wales zina karibu kilomita 225,000 za njia za namna hiyo. Utaona kibao kimeandikwa Public Footpath, au mshale wa njano kwenye nguzo ya uzio, basi unafuata mishale tu. Wa bluu ni wa farasi na baiskeli pia, lakini mwenda kwa miguu unapita bila shida.

Msidhani watu wale walipewa bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima Kinder Scout ambao matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwindia ndege. Wakapambana na walinzi, watano wakaishia jela. Eneo hilo hilo, Peak District, mwaka 1951 likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyanda za juu nyingi ambazo hata hazina njia, unatembea unakotaka. Scotland wao sheria yao ya 2003 inaruhusu karibu kila mahali ilimradi uwe na adabu. Ukilijua hilo ndo unaelewa kwa nini wazee wa miaka sabini unawakuta juu ya kilima na fimbo zao na chupa ya chai wakitembea kama wako sebuleni kwao.

Siku yetu ya kwanza ya miguu ilikuwa pwani ya kusini. Treni London Victoria, mnabadilisha Lewes, mnashuka Seaford. Kutoka pale mpaka Eastbourne ni kama kilomita 22 kwa kufuata ukingo wa yale majabali meupe ya chaki wanayoyaita Seven Sisters. Ni nzito, unapanda unashuka, unapanda unashuka, na katikati kuna mto Cuckmere hauna daraja pale mdomoni kwa hiyo unazunguka ndani mpaka daraja la Exceat kisha unarudi baharini. Lakini ukiwa juu ya kilima cha mwisho, Beachy Head, mita 162 kutoka baharini, upepo unakupiga na majani mafupi kama zulia, unasahau magoti. Angalizo, MSISOGEE ukingoni kupiga picha. Chaki inameguka na ukingo unaonekana imara wakati chini yake ni patupu. Tulikuta vijana wamekaa miguu inaning'inia, mume wangu akashindwa kuvumilia akaenda kuwaambia.

Naendelea jioni, niandalie watoto chakula kwanza.

#2 Mchangiaji

Dada hongera sana, nimeweka kiti mbele kabisa. Ila tuambie tiketi, maana nasikia treni za Uingereza ni ghali kuliko ndege.

#3 Mleta uzi

Ni kweli mkuu, ukienda dirishani siku ya safari utalia. Ila kuna namna.

Kuna kadi ya watu wawili inaitwa Two Together Railcard. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 35, inakaa mwaka mzima, ina picha zenu wote wawili, na inakata theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja. Lazima muwe wote, mmoja peke yake haimsaidii kitu. Na Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Safari moja ndefu ikishakatwa bei, hela ya kadi imerudi yote.

Pili, tiketi za Advance. Zinatoka kama wiki nane mpaka kumi na mbili kabla ya safari, na mapema ndo bei nafuu. Shida yake inakufunga kwenye treni ile ile uliyochagua, ukiikosa imekula kwako. Kwa hiyo sisi safari ndefu kama London mpaka York na York mpaka Edinburgh tulikata Advance, zile fupi za kwenda kutembea tukakata za kawaida za Off-Peak, yaani za nje ya saa za msongamano, ili tusikimbizane na saa tukiwa mlimani. Kata kwenye tovuti ya kampuni yoyote ya treni, wote wanauza tiketi za nchi nzima kwa bei moja bila kukuongezea ada, tofauti na app nyingine zinazokata chao juu. Scotland tangu Septemba 2025 treni za ScotRail zimefutiwa nauli ya saa za msongamano, asubuhi na mchana bei ile ile.

Kuna pia BritRail Pass, tiketi moja ya kupanda treni unazotaka kwa siku ulizolipia, ni kwa ajili ya wageni tu, mkazi wa kule haruhusiwi. Ni nzuri kwa mtu anayeamka na kuamua leo naenda wapi. Kama unapanga mapema kama sisi, kadi na Advance vinashinda.

#4 Mchangiaji

Mimi niko huku kaskazini mwa England miaka mingi, naongezea kitu. Treni ikichelewa au ikifutwa msiondoke kimya kimya. Kuna utaratibu wa Delay Repay, kampuni nyingi ukichelewa kuanzia dakika 15, nyingine 30, unajaza fomu mtandaoni na namba ya tiketi unarudishiwa sehemu ya nauli au yote kutegemea ulichelewa kiasi gani. Wageni wengi hawajui wanaacha hela zao.

#5 Mleta uzi

Asante sana kwa hilo, ilitukuta na sisi. Kuna jioni treni yetu ilifutwa, tuko kwenye kistesheni hakuna hata mtu wa kuuliza, tiketi yetu ya Advance. Tukabonyeza kile kitufe cha msaada kilichopo platifomu, sauti ikatuambia pandeni inayofuata tiketi yenu itakubalika, na ikakubalika kweli. Fomu tulijaza na hela ikarudi. Kwa hiyo msipaniki.

Sasa twende kaskazini. London King's Cross mpaka York ni kama masaa mawili tu, treni inakimbia kilomita 200 kwa saa na chai yako haimwagiki. York tembeeni juu ya ukuta wa mji, zaidi ya kilomita tatu, bure, unaona bustani za watu kwa ndani na kanisa kubwa la Minster mbele yako. Makumbusho ya reli nayo ni bure, iko nyuma ya stesheni. Baba watoto alikwama pale mbele ya Mallard, injini ya mvuke ya rangi ya bluu iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwezi Julai 1938 na hakuna ya mvuke iliyowahi kuivuka. Mimi nikaenda kunywa kahawa, nikarudi, bado yuko pale anasoma.

Kutoka York kwenda Edinburgh kaeni UPANDE WA KULIA. Narudia, kulia. Mkipita mji wa Durham lile kanisa kubwa nalo liko kulia, mtaliona vizuri. Na baada ya Newcastle bahari inakuja mpaka karibu na reli, na pale Berwick mnavuka mto Tweed juu ya daraja la matao 28 alilolifungua Malkia Victoria mwaka 1850. Watu kwenye behewa letu walikuwa wamelala au wako kwenye simu, sisi tumebandika uso kwenye kioo kama watoto.

Edinburgh tulienda na jambo moyoni. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1949 akahitimu M.A. mwaka 1952, miaka tisa kabla ya Uhuru. Tukatembea mitaa ile ya chuo kikuu bila haraka, upepo baridi mpaka mwezi wa tano, mume wangu akawa anasema hebu fikiria kijana wa Butiama anakatiza hapa na vitabu vyake mwezi wa kwanza. Halafu mtaa wa Princes Street kuna sanamu ya Livingstone. Hapo tulikaa kwenye benchi tukawazungumzia Susi na Chuma, maana bila wao na wenzao waliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo mwaka 1874 asingezikwa Westminster Abbey. Mkifika pale watajeni.

Na asubuhi pandeni Arthur's Seat, mita 251, mlima wa volkano iliyokufa zamani, uko ndani ya mji kabisa, unatoka hotelini na raba zako.

#6 Mchangiaji

Mashallah. Shost naomba kuuliza, chakula mlifanyaje, na swala? Sisi tunataka kwenda Juni inshallah.

#7 Mleta uzi

Swali zuri mpenzi, na sisi ni Waislamu. Miji mikubwa kama London, Glasgow, Bradford, Leeds halali imejaa kila kona. Shida ni vijijini, huko tulikula samaki na chipsi, mayai, supu za mboga, na mikate tuliyonunua supamaketi. Sasa sikilizeni hapa, hasa Yorkshire, maduka mengi ya samaki na chipsi wanakaangia MAFUTA YA NG'OMBE siyo ya mimea. Ukiona ni samaki ukadhani salama, siyo hivyo. Uliza kabla hujaagiza, wanakujibu vizuri kabisa wala hawakushangai, na wengine wanakwambia nenda duka lile pale wanatumia ya mimea.

Swala tuliswali popote, mlimani, pembeni ya ziwa, hakuna aliyetusumbua. Ila Juni jiandae, Scotland jua linazama karibu saa nne usiku, Magharibi inakuja umeshachoka na usingizi umekushika, na Alfajiri inaingia wakati ndo kwanza umelala. Pangeni mapumziko ya mchana.

#8 Mchangiaji

Mimi naheshimu lakini kutumia hela yote hiyo kwenda kuangalia kondoo na vilima si bora ukae Lushoto? Vilima vipo, baridi ipo, na nauli ni ya basi.

#9 Mleta uzi

Mkuu Lushoto naipenda na nitarudi tena na tena, wala sishindanishi. Ila tulichojifunza kule ndo kinanifanya niitamanie mema Lushoto yenyewe. Njia za Usambara zipo na nzuri kuliko nyingi za kule, ila kwa mgeni bila mtu wa kukuongoza unapotea, hakuna mishale, na ramani ya kununua dukani ni ya kutafuta kwa tochi. Kule ramani za Ordnance Survey, shirika lao la taifa la ramani, zile za jalada la chungwa zinaonesha mpaka uzio na zizi, njia za umma zimechorwa vidoti vya kijani, unajua kabisa hapa nina haki ya kupita na hapa sina. Kijiji kinafaidika, maana mtembeaji anakula pale, analala pale. Wenye mamlaka wakipita humu wasome.

Niendelee. Glasgow kwenda Mallaig ndo reli niliyoipenda kuliko zote. Ukivuka uwanda wa Rannoch hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, tope jeusi na vidimbwi mpaka macho yanachoka. Walipoijenga, kabla haijafunguliwa mwaka 1894, tope halikuwa na mwisho, ikabidi reli iwekwe juu ya tabaka la matawi, mizizi na maelfu ya tani za udongo na majivu, na mpaka leo treni inapita juu ya tope lile.

Katikati ya uwanda kuna stesheni inaitwa Corrour, mita 408, ya juu kuliko stesheni zote za reli kuu Uingereza, na haina barabara ya umma. Tulishuka sisi na mzee mmoja mwenye mbwa. Treni ikaondoka, sauti yake ikapungua mpaka ikaisha, halafu ukimya ambao sijawahi kuusikia popote. Mzee akatuamkia akashika njia yake, na sisi tukafuata barabara ya kokoto mpaka ziwa Loch Ossian, kilomita moja na kitu. Kulizunguka ziwa lote ni masaa kama matatu manne polepole. Maji meusi kwa ajili ya udongo wa pale lakini ukiyateka mkononi ni safi, rangi ya chai ya rangi. Tulikaa juu ya jiwe tukala mkate na mayai ya kuchemsha, paa wekundu wanatuangalia kutoka ng'ambo, na tukaongea mambo ambayo nyumbani na kazi na watoto hatukuwa tumeyaongea muda mrefu. Wanandoa mnaosoma hapa, hilo nalisema kwa dhati. Simu hazishiki vizuri, hamna pa kukimbilia, mnaongea.

Treni za pale ni chache sana kwa siku kwa hiyo piga picha ratiba kabla hujaanza kutembea.

Mbele ya Fort William kuna daraja la Glenfinnan, matao 21 ya zege tupu, lilijengwa kati ya 1897 na 1901. Watalii wanagombania treni ya mvuke kwa bei kubwa. Treni ya kawaida inapita daraja lile lile kwa nauli ya kawaida, kaeni kushoto mkielekea Mallaig.

#10 Mchangiaji

Sasa wadau, mimi niko Nairobi. Visa iliwasumbua? Na hao usubi wa Scotland ni kweli wako vile watu husema?

#11 Mleta uzi

Karibu sana ndugu. Visa ni ya Standard Visitor, mpaka miezi sita, mwaka 2025 ada ilikuwa pauni 127 kwa kila mtu. Unajaza mtandaoni, kisha unaenda kituo cha visa kuchukuliwa alama za vidole na picha. Hata mkiwa mke na mume kila mmoja ana maombi yake, hakuna fomu ya pamoja. Kwa kawaida jibu wiki tatu. Sisi tuliambatanisha cheti cha ndoa, barua za kazini za likizo, taarifa za benki za miezi sita, na ratiba yetu ya kila siku. Msiweke hela ya ghafla benki wiki moja kabla, inaleta maswali.

Usubi ni kweli. Wanaanza mwishoni mwa Mei, Julai na Agosti ndo balaa, hasa jioni ambayo haina upepo. Ndo maana tulichagua mwanzoni mwa Mei. Kukiwa na upepo hawapo.

Nimalizie na njia ya kurudi. Kutoka Carlisle kwenda Settle. Shukeni Ribblehead, daraja la matao 24 liko mbele yenu, mita 400 urefu na zaidi ya mita 30 kwenda juu. Tulitembea mpaka chini yake kabisa tukagusa mawe, kila jiwe lina alama za patasi. Angalieni nguzo, kila ya sita ni nene kuliko zingine, walifanya makusudi ili tao moja likianguka lisibomoe daraja zima, yaishie pale kwenye nguzo nene. Wajenzi waliishi kwenye vibanda kwenye tope lile lile miaka ya 1870 na familia zao, ajali na ndui zikawaua zaidi ya mia moja, wengi wamezikwa kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale bondeni, ni mwendo mfupi, tukaenda. Halafu serikali miaka ya 1980 ikataka kuifunga reli yote kwa kisingizio cha gharama ya kukarabati daraja hilo. Wananchi wakagoma, wakaandika barua kwa maelfu, mwaka 1989 ikaokolewa. Nimekanyaga pale nikawa nawashukuru watu nisiowajua.

#12 Mchangiaji

Viatu gani, mizigo gani? Na vipi kuhusu wanyama mashambani, mke wangu anaogopa ng'ombe.

#13 Mleta uzi

Viatu, buti za kutembelea ambazo umeshazivaa nyumbani mpaka zimekuzoea, usiende na mpya. Koti la mvua la kweli siyo la kupendeza. Mwavuli usahau, upepo utaugeuza. Kila mmoja begi moja la mgongoni na sanduku dogo, maana vistesheni vingi vya zamani kuvuka upande wa pili ni ngazi na hakuna lifti.

Ng'ombe, mkeo yuko sahihi kuwa makini. Kondoo hawana neno. Ila ng'ombe mwenye ndama usipite katikati yake na mtoto wake, zunguka mbali hata kama mshale unakuelekeza pale pale, kisha rudi kwenye njia. Geti ukilikuta limefungwa lifunge nyuma yako, ukilikuta wazi liache hivyo hivyo, mkulima ana sababu zake. Na mkikutana naye msalimieni. Sisi mmoja alizima trekta akatuuliza tumetoka wapi, tukamwambia Tanzania, akatuonesha njia ya mkato kupita nyuma ya zizi lake tuwahi treni ya saa kumi na moja, na tuliiwahi.

Mwenye ratiba yake aiweke hapa chini, nitaipitia stesheni kwa stesheni.